Nyuki Hawakuhama

Kiangazi chote sikupoteza hata mzinga mmoja. Nataka hilo lijulikane mapema, kabla sijaanza kujisema, maana ndilo lililonitia kiburi. Agosti ya Dubai si joto, ni adhabu. Ukishika kitasa cha gari mchana bila kitambaa, vidole vinakukumbusha mpaka jioni. Mizinga sita ya mbao ilikuwa nyuma ya nyumba niliyofanyia kazi kule Mirdif, chini ya mkunazi mkubwa, na kila asubuhi kabla jua halijashika kasi nilikuwa nimeshalowesha magunia na kuyatandaza juu ya vifuniko, nimejaza maji kwenye masinia yenye kokoto ili nyuki wanywe bila kuzama. Saa saba mchana nilirudia. Watu wenye akili zao walikuwa ndani kwenye kiyoyozi, mimi niko nje nahudumia wadudu kama yaya.

Wakapona wote. Kisha wakaja kufa msimu wa baridi, ambao huku ndio msimu wa raha. Watu hutoa viti nje, huchoma nyama bustanini, na kila mzunguko wa barabara huwa umepandwa maua. Nyuki aliyevuka Agosti ya huku halafu akafa Januari, huyo ana jambo. Nilichelewa sana kujua ni jambo gani, na aliyelipia kuchelewa kwangu hakuwa mimi.

Niliajiriwa pale kuwa dereva. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja, akavuka kuja Ghuba akiwa kijana, na miaka yote hiyo hakukiacha Kiswahili chake kiingie kutu. Mwanawe na mkewe huyo mwana walisema Kiarabu na Kiingereza. Huyo mkwe ndiye tuliyemwita madam, na ndiye aliyeiendesha nyumba. Mzee mwenyewe alikuwa mjane. Alipogundua kuwa dereva mpya anasema Kiswahili, akaanza kukaa kiti cha mbele. Wiki ya kwanza, tukienda Bur Dubai kumnunulia kitambaa cha kanzu, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kitui.

"Mkamba wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wakamba si ndio watu wa asali nyie? Basi Mungu kakuleta. Mie nna mizinga pale nyuma, inanishinda."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ukweli ni kwamba baba yangu alikuwa na mizinga ya magogo, ile kwetu tunayoiita myatu, ameitundika kwenye miti kando ya mto mkavu, na mimi nilikuwa nikishika kamba yeye akipanda. Niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa kwenda kulinda mageti Nairobi. Nilijua nyuki kama mtoto wa mchinjaji anavyojua ng'ombe. Lakini mtu akikusifia kabila lako ugenini, mdomo hujijibia wenyewe. Nikasema, "Nyuki ni ndugu zetu, Mzee." Tangu siku hiyo akaniita Mkamba, na ufunguo wa stoo ya vifaa vya nyuki nikapewa mimi.

Mzee hakufuga kwa biashara. Mkewe alipofariki, mtu fulani alimshauri atafute kitu cha kumtoa chumbani asubuhi, na kitu chenyewe kikawa nyuki. Kukishapambazuka alitoka na kikombe cha chai ya maziwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki hatua chache kutoka kwenye mizinga, akawatazama wanavyoondoka. Jirani aliwahi kulalamika kwamba nyuki wanakunywa maji ya bwawa lake la kuogelea. Mzee akampelekea chupa ya asali na malalamiko yakaisha. Nilimpenda yule mzee. Nasema hivi kwa sababu mtu anaweza kudhani nilimdanganya kwa dharau.

Halafu kulikuwa na dada wa jikoni. Alitoka upande wa Bungoma, rika moja na binti yangu wa kwanza, na aliniita anko. Alipika, alifua, aliwaogesha watoto wa madam, na juu ya hayo mimi nilimwongezea kazi ya kuchemsha maji ya sukari, maana maua yakikosekana nyuki lazima walishwe. Alikoroga sufuria huku akinitania. "Anko, hawa watoto wako wanakunywa chai tamu kutushinda." Kila Jumamosi alikuja kwenye chumba changu cha nje, karibu na geti, kuvua mashuka ayatie kwenye mashine. Sikuwahi kumwomba. Alisema wanaume wa kwao pia hawakumbuki mashuka mpaka yaanze kutembea.

Mkataba wake ulikuwa unaisha Februari. Watoto wake wawili walikuwa kwa mama yake, na alitaka miaka miwili mingine, basi, kisha arudi akae nao moja kwa moja. Madam alimwambia kama hakutakuwa na shida yoyote atamwongezea. Maneno hayo, kama hakutakuwa na shida, alitembea nayo jikoni kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alifuta mpaka sehemu ambazo hakuna anayeziangalia.

Mwisho wa Agosti alikuja Mmisri aliyemuuzia Mzee nyuki. Akafungua mizinga, akayasifu magunia yangu, kisha akatoa pakiti ya rangi ya fedha yenye vipande vya karatasi ngumu vilivyoloweshwa dawa. Vining'inizwe viwili kila mzinga kwa wiki sita, vitolewe kabla mkunazi haujachanua. Alieleza kwa Kiarabu, Mzee akanifasiria, nami nikaitikia kila neno. Kisha nikaenda chumbani kwangu, nikaketi kitandani, nikaigeuzageuza ile pakiti. Ilikuwa na alama ya hatari na picha ya mkono uliovaa glavu.

Kwetu nyuki hatibiwi. Nani aliwahi kupanda mti kwenda kumpa nyuki dawa? Baba yangu angecheka mpaka aanguke na kamba yake. Tena ule mkunazi ulikuwa karibu kutoa vitumba, na Mzee alishawaahidi wageni wake asali ya mti wake mwenyewe. Niliona haya kuitia sumu asali ya namna hiyo. Hiyo ilikuwa haya ya kweli, haukuwa uvivu, ingawa siku hizi sioni tofauti yake. Niliisukuma pakiti chini ya kitanda, nyuma ya viatu. Baada ya siku mbili Mzee akaniuliza, "Zile karatasi za Mmisri ushazitia?"

"Tayari, Mzee."

Nililala vizuri tu usiku huo.

Mkunazi ulipochanua, nyuki wakaufunika mpaka ukawa unanguruma. Novemba tukavuna. Asali ilikuwa nyeusi kidogo, nzito, na Mzee alichovya kidole, akakilamba, machozi yakamlengalenga. Akasema marehemu mkewe angeipenda. Kwa wiki nzima kila mgeni aliyeingia alipewa kijiko, na mimi niliitwa kutoka nje nije nionekane. "Mkamba wangu huyu," alisema, nami nikasimama mlangoni nikijifanya nina haya. Mchovya asali hachovyi mara moja, na mimi nilichochovya siku zile ni sifa.

Desemba ilipoingia nikaanza kuwaona nyuki wanaotambaa. Walitoka mlangoni, wakaanguka mchangani, wakajaribu kuruka wakashindwa. Mabawa yao yalikuwa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Nilijiambia ni ubaridi. Wiki iliyofuata nikafungua mzinga wa kwanza upande wa ukuta na nikakuta malkia amebaki na nyuki wa kujaza kiganja. Asali ilikuwapo. Majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwapo kidogo, yametawanyika. Waliokosekana ni wenye nyumba. Siku tatu baadaye hata malkia hakuwapo.

Sikushtuka. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu mtu mwingine yeyote angeshtuka. Kwetu nyuki huhama. Ukame ukizidi, au siafu wakisumbua, unakuta mzinga mtupu, na hakuna anayelia. Mzinga hauteremshwi mtini kwa sababu wenyewe wameondoka. Unausafisha, unaupaka nta mlangoni, unaacha kipande cha sega ndani kama mtu aliyeacha taa ikiwaka, unangoja. Mvua ikinyesha wanarudi, au wanakuja wengine. Nilimwona baba yangu akifanya hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara walirudi.

Basi nami nikafanya vilevile. Nikapaka nta, nikaacha masega na asali yake ndani, nikaupanua mlango. Baada ya siku mbili nyuki wakaanza kuingia na kutoka kwa fujo. Nikakimbia kumwita Mzee.

"Wanarudi," nikamwambia. "Hawa ni wapelelezi. Wanakuja kuangalia nyumba kabla ya kuwaleta wenzao."

Mzee akavuta kiti chake. Tukakaa pale saa nzima, mimi nikifundisha, yeye akiitikia kwa kichwa. Wale nyuki hawakuwa wapelelezi hata kidogo. Walitoka kwenye mizinga yangu mingine mitano, hatua nne kutoka pale, na walikuwa wanapora. Walibeba asali ya wafu kwenda nayo kwao, na pamoja na asali walibeba kilichowaua wenzao. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango, na nikamkalisha mzee wa watu kitini tutazame.

Mzinga wa pili ulikwisha kabla ya mwaka mpya, wa tatu baada yake kidogo. Kila ulipokwisha mmoja niliupaka nta na kuuacha wazi. Nilimwomba dada wa jikoni achemshe tena sukari ili waliobaki wapate nguvu, na akachemsha, na sukari ikaleta sisimizi mpaka ndani ya stoo. Katikati ya Januari mzinga wa nne ulikuwa mtupu na wa tano umebaki na wachache wasio na nguvu. Hakuna aliyekuwa amerudi. Mzee aliacha kutoka na chai yake. Madam alianza kumpelekea chumbani, na mara nyingi kikombe kilirudi kimejaa.

Asubuhi moja Mzee aliniita sebuleni. Mwanawe alikuwapo, na madam. Mzee alionekana mdogo kwenye lile kochi.

"Mkamba," akasema, "hao waliohama watarudi lini?"

Aliniuliza kwa upole, na upole ndio ulioniangusha. Angefoka ningesema. Nilimtazama na nikaona nikitamka kwamba sijui, basi nimeshakuwa dereva aliyejipa ujuzi wa marehemu baba yake. Nikatafuta kitu cha kushika.

"Labda ni dawa, Mzee. Labda kuna mtu alipuliza dawa."

Sikumtaja mtu. Nilijitetea kwa hilo wiki kadhaa. Nilifikiria jirani mwenye bwawa, nilifikiria wale wapuliza dawa za wadudu wanaozunguka nyumba za watu na mapipa mgongoni. Lakini madam alitaka kufasiriwa nilichosema, mwanawe Mzee akakisia maana, na madam akainuka akaenda stoo. Akarudi na kopo la dawa ya mende. Lilikuwa kwenye rafu, akasema kwa Kiingereza, karibu kabisa na ile ndoo ya sukari ya nyuki.

Dada aliitwa. Alikuja akijifuta mikono.

"Nilipuliza sisimizi, madam. Chini, kwa kona. Ndoo sikuipulizia, na baadaye niliiosha." Alisema kwa Kiingereza chake cha haraka, kisha akageuka akaniambia kwa Kiswahili, "Si ndiyo, anko?"

Alinitazama. Mimi nilitazama lile kopo. Lilikuwa na picha ya mende amelala chali. Nikasema, "Mimi sikuwapo stoo."

Nilipofika Dubai mara ya kwanza nililala Karama, watu wanane chumba kimoja, vitanda vya ghorofa na pazia la khanga kwa kila mtu. Kabla hata hujaonyeshwa choo, unaambiwa sheria moja: hatuchomeani. Mwenzako akikosea kazini, hukuona. Akichelewa, alikuwa msalani. Hatuna mjomba wala shangazi katika nchi hii, tuna hilo tu. Wapo waliolala nje kwa kuivunja. Nami niliivunja sebuleni mwa watu bila kutaja jina la mtu, mikono nimeikunja mbele kama mzee wa kanisa.

Siku nne baadaye viza ya dada ilikuwa imefutwa na mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege, maana dereva ni mimi. Kutoka Mirdif si mbali. Ndege hupita juu ya paa zetu siku nzima. Alikaa nyuma, na sanduku lake moja, na mfuko wa plastiki wenye wanasesere wawili. Kwa dakika kumi na tano hatukusema chochote cha maana. Nilimwuliza kama ana pasipoti, akasema anayo. Nilimwuliza nani atampokea, akasema mama. Tulipofika nikamshushia sanduku. Akalishika, akasimama kidogo.

"Anko, mashuka yako yako kwa mashini. Uyatoe, yatanuka."

Akaingia ndani. Nilirudi nikayatoa yale mashuka, yalikuwa yameshaanza kunuka.

Mwanzoni mwa Februari mzinga wa tano ukaisha. Mzee hakunisemesha, alimpigia simu Mmisri mwenyewe. Mtu yule alikuja mchana, akasalimia, akachuchumaa mbele ya mizinga bila kuigusa. Alipitisha kiganja juu ya mchanga mbele ya milango, taratibu, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Kisha akauliza kitu. Mzee, aliyekuwa ameegemea fimbo, akanigeukia.

"Anauliza," akasema, "maiti ziko wapi?"

Nikamwambia hakuna maiti.

"Ndivyo anavyosema yeye. Nyuki wa sumu hufia mlangoni. Lundo zima, ndimi nje. Anasema hapa hapakupigwa dawa."

Mmisri akafungua mzinga wa kwanza, akainua fremu, akaigeuza kichwa chini juani. Alituonyesha ndani ya vyumba vya sega, juu kwenye dari yake, vidoa vyeupe kama chumvi. Mavi ya utitiri, alisema. Yeye aliuita farwa. Akachomoa jana moja lililokufa kwa ncha ya kisu, na shingoni pake palikuwa na mdudu mwekundu wa kahawia, mdogo kuliko punje ya ulezi. Akaenda kwenye mzinga wa sita, uliokuwa peke yake bado hai, akachota nyuki nusu kikombe, akawatia kwenye chupa yenye wavu mdomoni, akawamwagia sukari ya unga na kuitikisa. Kisha akaipindua juu ya sahani nyeupe ya madam. Sukari ilianguka, na ndani ya sukari vile vidoa vyekundu vilikuwa vinatembea. Nilianza kuvihesabu nikaacha.

Alieleza, na Mzee akafasiri kipande kwa kipande, sauti yake haina kitu ndani. Utitiri huu unamnyonya mtoto akiwa bado kwenye chumba chake, anazaliwa na mabawa mabovu. Waliozaliwa vuli ndio wanaotakiwa kuvusha mzinga msimu wa baridi, na wao ndio walionyonywa. Wanatoka kwenda kazini hawarudi. Hakuna maiti kwa sababu kila mmoja amefia njiani peke yake. Halafu majirani wanakuja kupora asali ya nyumba iliyokufa, wanarudi na utitiri mgongoni. Kwetu Afrika, Mmisri akaongeza, na nadhani alitaka kunifariji, nyuki wakali wanajisafisha wenyewe, hawahitaji sana dawa. Hawa wa kwake ni wapole, wasipotiwa dawa wanakufa. Halafu akauliza swali ambalo sikuhitaji kufasiriwa, kwa sababu alionyesha kwa vidole kipande kirefu kinachoning'inia.

"Si ulizitia?" Mzee akaniuliza.

Toka mkunazini mpaka chumbani kwangu ni hatua kama thelathini. Nilipiga magoti, nikasogeza viatu, nikaitoa ile pakiti. Ilikuwa na vumbi. Nilirudi nayo nikaiweka kwenye meza ya plastiki kando ya sahani, haijafunguliwa, na nikasema mbele yao wote wawili kwamba sikutia hata moja, kwamba nilidanganya. Nilisema yale ya kwetu nyuki hatibiwi, na nilipokuwa nayasema niliyasikia yalivyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilidhani Mzee atapiga kelele. Aliishika pakiti, akaisoma nyuma na mbele kama barua.

"Na yule mtoto wa watu?" akasema.

Hakungoja jibu. Aliingia ndani, na nikamsikia akimwambia madam kwa Kiarabu, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akisema na mkwewe. Dada mwingine wa kazi alikuwa ameshaletwa na wakala, amefika juzi yake, ameshapimwa afya. Madam hakuwa mtu mbaya. Alisikitika, alitoka mpaka mlangoni akanitazama, kisha akamwambia Mzee, "Khalas, baba," yaani yamekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na pale hapakuwa hata na mtu wa kujaribu kuyazoa.

Niliandaa sanduku langu. Mzee akamtuma mtoto wa madam kuniita.

"Unakwenda wapi?"

"Mzee, siwezi kubaki."

"Ukienda utapumzika," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Siku ile ile Mmisri alisimama juu yangu nikining'iniza karatasi mbili kwenye mzinga wa sita. Masega ya ile mitano niliyachoma moja moja kwenye jiko la kuchomea nyama, yakanuka utamu bustani nzima, na masanduku niliyasugua kwa sabuni mpaka mbao zikawa nyeupe. Yamepangwa ukutani hadi leo. Dada mpya aliponiuliza kwa nini tuna mizinga mitano mitupu, nilimweleza yote, pamoja na jina la yule aliyekuwa akilala kwenye kitanda chake. Tangu hapo ananiogopa kidogo, na anayo haki. Mzee ameanza tena kutoka asubuhi na chai. Anaketi karibu na mzinga mmoja. Mimi akiniona haniiti Mkamba tena, ananiita dereva.

Kumwambia Mzee ilikuwa nusu. Nusu nyingine niliikwepa siku tisa. Nilirekodi ujumbe wa sauti kwenye simu mara nne nikaufuta, kwa sababu kila mara nilijisikia najitetea kuhusu nyuki wa Kitui. Mara ya tano nilisema tu kwamba dawa ilikuwa kwangu, chini ya kitanda, tangu Agosti. Kwamba nyuki walikufa kwa sababu yangu. Kwamba nilijua hakuipulizia ndoo na nikanyamaza. Kwamba nimeshawaambia wenyewe na haikusaidia kitu. Nikasema nisamehe, mwanangu. Nikautuma nikiwa nimekaa garini, nje ya shule ya watoto.

Aliusikiliza siku hiyo hiyo. Alinijibu kesho yake, kwa maandishi.

"Anko, nilijua. Niliiona hiyo pakiti Septemba nikitoa mashuka, na nilimskia Mzee akikufasiria vile Mmisri amesema iwekwe. Sikutaka kukuchomea. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Niliusoma pale pale nje ya shule mpaka watoto wakagonga kioo niwafungulie mlango. Nilikuwa nawaza zile dakika kumi na tano za uwanja wa ndege, yeye nyuma na mfuko wa wanasesere, mimi namwuliza habari za pasipoti. Na pale mlangoni, aliposimama kidogo kabla ya kunitajia mashuka, alikuwa bado ananingoja.